Walipomuulizia Nyaya

Kila aliyegonga mlango wa Mama Manyoya kumuulizia mwanawe alipewa jibu moja: hayupo. Awe amelala chumba cha ndani anakoroma mpaka bati linaitikia, hayupo. Awe anaoga uani na maji yanasikika, hayupo. Anayeoga ni mpangaji. Jibu hilo mama alilitoa akiwa na ufagio mkononi, akiwa na sufuria, na mara moja akiwa anaanika suruali ya huyo huyo asiyekuwepo. Polisi wa kituo cha jirani walimtazama, wakaitazama suruali inavyochuruzika maji, wakaondoka.

Sababu mtaa mzima uliijua. Alipokuwa na miaka ishirini na mmoja, kijana alisimama kwenye kona apige mluzi akiona mtu, huku wenzake wawili wakikata nyaya za umeme nguzoni wakauze shaba. Mtaa ulikaa gizani siku tisa. Dawa zikaharibika kwenye friji ya duka la dawa. Mashine ya kinyozi ilizimika mteja akiwa amenyolewa upande mmoja, akaenda hivyo hivyo harusini kwa dada yake. Wale wakataji walitoroka, akakamatwa mpiga mluzi. Alikaa mahabusu miezi minne, akatoka bila kesi kwa kukosekana ushahidi, lakini alitoka na jina: Nyaya. Tangu siku hiyo ikipotea betri ya gari, ikipotea koki ya bomba, wa kwanza kutafutwa ni Nyaya. Mla kuku wa mwenziwe miguu humwelekea, husema watu, na kwa miaka sita miguu ya kila kuku aliyepotea ilielekezwa mlango ule.

Mama mwenyewe kazi yake ilikuwa kuku kweli. Nyuma ya mabanda ya soko alikuwa na pipa la maji ya moto, meza iliyofunikwa bati na kisu kilicholika kwa kunolewa. Mteja akinunua kuku na kuchinjiwa, humletea yeye amtumbukize, amnyonyoe, ampasue, amtoe matumbo, amkabidhi akiwa safi ndani ya mfuko. Miaka kumi na saba alikuwa kwenye mvuke ule. Manyoya yalimfuata mpaka nyumbani. Yalikuwa kwenye kitenge, kwenye nywele, siku nyingine kwenye chai. Meza ya pili alikaa mwenzake, Bi Filigisi, aliyeitwa hivyo kwa sababu mteja akigeuka kidogo, filigisi moja hubaki mezani kwa bahati mbaya.

Hapo ndipo kijana alipomfuata siku moja mchana, uso una masizi ya kuchomelea, karatasi iliyokunjwa mara nne mkononi.

"Shikamoo mama. Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba," waliitikia wote wawili.

"Mama, jeshi linataka mafundi."

"Jeshi gani hilo la kukutaka wewe?" Bi Filigisi alimwahi. "Watakupa ulinde nini, waya?"

"Mama mdogo, acha basi."

"Nimeacha. Nimeuliza tu."

Kijana alikunjua karatasi juu ya meza, pembeni ya damu. Miaka yote jeshi lilichukua vijana wasiozidi ishirini na mitatu, na yeye ishirini na mitatu aliipita akiwa hata salamu hapewi mtaani. Lakini mwaka huu walitaka mafundi wa kuchomelea, wa umeme na wa ujenzi, na hao waliruhusiwa mpaka wasiotimiza ishirini na minane. Yeye alibakiza miezi miwili.

"Nikikosa hii, mama, mwaka ujao hata wakinihitaji, umri utanikataa."

Mama alijifuta mikono kwenye kitenge, akaishika karatasi kwa ncha za vidole asiichafue. Alisoma polepole, midomo ikicheza, kwa kuwa darasa la saba lake lilikuwa la zamani. Alipofika mwisho aliikunja tena mara nne. Alikuwa anamwona mwanawe ndani ya sare, anapita mbele ya kituo cha polisi, na wale wale waliokuwa wakimgongea mlango wanasimama wima.

"Wanataka barua ya mwenyekiti wa mtaa," alisema.

"Ndiyo hapo pagumu," alisema kijana.

"Hapo niachie mimi."

*

Mwenyekiti wa mtaa alimsikiliza akiwa amekaa, yeye akiwa amesimama, ingawa viti vya plastiki vilikuwa vinne.

"Yaani Mama Manyoya, unataka niandike kwamba kijana huyu ana mwenendo mzuri."

"Ndiyo, mwenyekiti."

"Mimi."

"Wewe, baba."

Mwenyekiti alifungua mdomo, akaonyesha pengo kwa kidole. "Unaliona hili? Siku ya tatu ya lile giza nilikosea ngazi ya nyumba yangu mwenyewe, nikaanguka. Hili ni la mwanao."

"Pole sana, baba."

"Pole ya miaka sita hiyo."

"Amebadilika. Muulize Fundi Mageti. Miaka mitatu yuko pale, hata msumari haujapotea."

"Fundi Mageti ni fundi. Mimi ni kiongozi. Mimi nikigonga mhuri nimeapa." Akaisukuma karatasi kando, akaangalia nje. "Halafu wiki hii nina mambo mengi. Jumamosi nina wageni, mke wangu peke yake, kuku wanane."

Mama Manyoya alielewa. Mtu aliyekaa sokoni miaka kumi na saba haelezwi mara mbili.

"Nitakuja kuwanyonyoa, baba."

"Sijakuomba."

"Hujaniomba. Nimejitolea."

Jumamosi alifika mapema na kisu chake ndani ya gazeti. Aliwanyonyoa kuku wanane uani kwa mwenyekiti, amechuchumaa, kwa kuwa meza ilikuwa ya wageni. Mke wa mwenyekiti alimwambia asitumie taulo ile, hiyo ni ya mikono. Wageni waliokuwa wakienda chooni walimruka, mmoja akamwuliza kama yeye ndiye mama wa yule mwizi wa umeme, akamjibu, "Ndiye mimi, karibu, choo kiko kulia." Jumatatu barua ilipigwa mhuri. Wino ulikuwa umekauka. Mwenyekiti aliuhemea mhuri kwa mdomo, akaukandamiza kwa uzito wa mwili wake wote, na herufi zikatoka.

Mama aliibeba barua ile kifuani mpaka nyumbani, mikono ameikunja juu yake kama anayepita na mtoto kwenye mvua.

*

Kijana alikimbia kilomita kumi pamoja na wavulana waliomwita mjomba, akamaliza wa nane. Daktari alimpima macho, meno, moyo na nyayo, akampitisha. Siku ya mtihani wa ufundi aliunganisha vipande viwili vya chuma mbele ya sajini, na sajini akaupitisha ukucha kwenye ungio, akasema, "Hii imekaa." Maneno hayo mawili kijana aliyarudia nyumbani siku nzima. Fundi Mageti naye, aliyezoea kumsifu mtu kwa kutomtukana, alimpa mkono.

"Sasa kimebaki nini?" mama aliuliza.

"Wametuambia twende nyumbani tusubiri majina. Nadhani wanaangalia karatasi tu."

"Karatasi zako ziko sawa. Mhuri ule mpaka kipofu atauona."

Walicheka. Ndani ya nyumba ile kicheko kilikuwa kimeadimika kiasi kwamba jirani wa ukuta wa pili aligonga kuuliza kuna nini. Mama alianza kumwita mwanawe "afande." Afande, chai imepoa. Afande, maji ya kuoga hayajibebi. Kijana alinyoa ndevu na kuanza kutembea kichwa juu, na mama alipomwona hivyo aliingiwa na hofu, maana alijua jinsi mtaa unavyopenda kichwa kilichoinuka.

Wiki hiyo hiyo pampu ya maji ya shule ya msingi iliibwa.

Sokoni hapakuzungumzwa jambo jingine. Polisi walionekana wakiingia karakana moja mpaka nyingine, na vijana wawili wauza vyuma chakavu walikwishapakiwa garini. Bi Filigisi, mikono imezama kwenye matumbo ya jogoo, alisema, "Shoga, usishangae wakija. Wao wakikosa mwizi, wana orodha."

"Waje. Watamkosa kama kawaida."

"Safari hii mfiche kweli. Isiharibike kazi ya watu."

Neno hilo lilimkaa. Siku mbili hakula vizuri. Kila kiatu kilichokanyaga maji machafu ya soko alikitazama kwanza kabla ya kumtazama mwenye nacho.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, vilikuja viatu pea mbili. Vyeusi, vimepigwa rangi vikang'aa, vinachagua pa kukanyaga kati ya madimbwi ya damu na manyoya. Mama aliinua macho. Wanaume wawili, mmoja mrefu, mmoja mfupi mwenye kijitabu. Nguo za kiraia, shati ndani ya suruali, vichwa vimenyolewa karibu na ngozi. Mikono iliendelea kunyonyoa.

"Habari za kazi, mama," alisema mrefu. "Sisi tunatoka serikalini."

Ndivyo polisi wanavyosema siku zote wakiwa hawajavaa sare.

"Karibuni. Kuku mzima au wa vipande?"

"Hatuji kwa kuku. Wewe ndiye mama wa yule fundi wa kuchomelea?"

"Nimezaa, ndiyo."

"Unaishi naye?"

"Hayupo."

Yule mfupi aliandika. "Hayupo leo, au haishi kwako?"

Angesema leo. Angesema yuko kazini kwa Fundi Mageti, nendeni mtamkuta amevaa miwani ya kuchomelea. Lakini ulimi ukizoea kazi moja hauulizi leo ni kazi gani. Mama aliona pampu ya shule, akaona gari la polisi nje ya karakana, akaona jina la mwanawe likifutwa jeshini kabla halijabandikwa.

"Haishi kwangu," alisema. "Mwaka wa pili huu sijui hata analala wapi."

"Tabia yake ikoje, mama?"

Swali hilo lilikuwa geni. Polisi hawaulizi tabia. Polisi wanauliza yuko wapi. Baadaye, kwa siku nyingi, angelirudia swali hilo kichwani na kujiuliza lilimpitaje. Siku ile lilimpita. Alichokiona ni watu wenye kijitabu wasiotaka kuondoka, na aliamua kuwaondoa kabisa, wasirudi tena, wakatafute kwingine.

"Tabia gani, baba zangu? Yule ana tabia? Yule aliniibia mpaka usingizi. Mimi nilishanawa mikono. Mkimwona mwambieni mama yake alishamzika, na kaburi halina msalaba wala jiwe. Mtoto kama yule ni jino bovu, unang'oa unalala. Sina mtoto wa kiume mimi. Andika hivyo."

Aliyasema kwa sauti, kisu mkononi, na yalitoka yamepangika, moja likilivuta jingine bila kukwama. Watu wa meza za jirani waligeuka. Mfupi aliandika mpaka mwisho. Mrefu alimtazama kama anayetaka kuuliza kitu kingine, kisha akasema, "Pole, mama. Asante kwa kuwa mkweli," wakaondoka kwa kuruka madimbwi.

Bi Filigisi alipiga makofi yenye matumbo ya kuku. "Ee! Shoga, wewe ungeigiza kwenye redio! Mpaka mimi nimeamini!"

"Wametoka?"

"Wametoka na masikio yao chini."

Mama Manyoya alicheka, akachota maji baridi akanywa kikombe kizima. Nyumbani hakusema lolote. Hakutaka kumkatisha moyo afande wake.

*

Majina yalibandikwa siku ya Ijumaa kwenye ubao wa ofisi ya wilaya. Kijana aliaga kazini akaenda. Mama alibaki sokoni, na kila kuku aliyemnyonyoa alimnyonyoa mara mbili bila kujijua, mpaka wateja wakamwuliza kama anatafuta kitu.

Alasiri, akirudi nyumbani na ndoo yake kichwani, aliona watu wamejaa mbele ya kinyozi. Sauti aliitambua kabla hajaona mtu.

"Nimepita mbio! Nimepita daktari! Nimepita chuma! Nani amekwenda kunichoma? Nauliza kwa adabu!"

"Hiyo ndiyo adabu yako?" alisema kinyozi. "Shusha mkono kwanza."

"Nimemuuliza karani. Kaniambia wewe umekwama kwenye uchunguzi wa mwenendo, watu wako wa karibu ndio waliosema. Watu wangu wa karibu ni nani? Si ninyi? Wewe kinyozi, miaka sita unalilia mashine! Kikulacho ki nguoni mwako, sikujua nakaa nacho ukuta mmoja!"

"Nyaya, sikiliza. Walikuja hapa, sikatai. Wawili. Yule mrefu alikaa kiti hiki."

"Ukasemaje?"

"Nilisema mlango huu wa chuma umeutengeneza wewe, na bawaba ilipokatika ulirudi ukaitengeneza bila kuitwa mara ya pili. Nilisema nikisafiri funguo nakuachia wewe. Kama ni uongo, niambie ni lini hukuachiwa."

Kijana alishusha mkono. Muuza dawa, mama mmoja mnene aliyetoka dukani na miwani yake, alidakia: "Na kwangu walikuja. Nilisema friji iliniuma, sikuficha. Lakini nilisema umenibebea maboksi ya dawa mwaka mzima ukikataa malipo. Nilisema huyo mchukueni, mtaa utamkosa."

"Mwenyekiti je?"

"Mwenyekiti kasema pengo lake kalisamehe. Alisema hapa hapa barabarani, wote tulisikia."

Watu waliguna kukubali. Ilikuwa ajabu kumwona mtu anasifiwa na mtaa mzima uso wake ukizidi kuanguka. Alikuwa amekuja kutafuta adui, na kila mlango aliogonga ulitoa ndugu.

"Sasa ni nani?" aliuliza, sauti imeshuka.

Kinyozi aliinua mabega. "Mimi najua jambo moja tu. Waliniuliza mama yako anafanya kazi wapi. Nikawaonyesha njia ya sokoni. Muulize mama, yule pale."

Vichwa viligeuka. Mama Manyoya alisimama katikati ya barabara na ndoo kichwani. Vile viatu pea mbili vilimrudia, vile vichwa vilivyonyolewa, lile swali la tabia. Alihisi maji ya moto yakimshuka kutoka utosini mpaka visigino.

"Walifika kwako, mama?" kijana aliuliza.

Uso wake ulikuwa wazi kabisa. Hakuwa anashuku chochote. Alikuwa anauliza kama anayeuliza kama mvua imenyesha upande ule.

"Kwangu hawakufika," alisema mama.

*

Kesho yake hakwenda sokoni. Alichukua kuku wawili aliowasafisha vizuri kuliko kuku wote wa maisha yake, akawafunga kwenye mfuko mpya, akapanda gari mpaka kambini. Langoni askari alimwambia benchi lile ni la wenye miadi. Alisimama pembeni ya ukuta kuanzia saa mbili mpaka jua lilipokuwa katikati ya kichwa. Mfuko ulianza kudondosha maji mekundu kwenye kiatu chake. Askari alimtazama, akamwambia asogee, anachafua lango.

Mwishowe alipelekwa kwa ofisa mmoja mwanamke, ambaye kwa umri angeweza kuwa binti yake, mwenye meza safi na feni.

"Shikamoo, mama. Kaa."

Hilo lilimvunja zaidi ya lango. Alikaa nusu ya kiti.

"Afande, kuna makosa. Watu wenu walikuja kwangu. Sikujua ni ninyi."

Ofisa alitafuta jalada, akalifungua, akapitisha kidole. Alianza kusoma, taratibu, bila kuweka chumvi. Haishi kwangu. Mwaka wa pili sijui analala wapi. Aliniibia mpaka usingizi. Nilishanawa mikono. Mama yake alishamzika. Ni jino bovu. Sina mtoto wa kiume mimi. Kila neno lilikuwepo. Yule mfupi mwenye kijitabu hakuwa ameongeza wala kupunguza.

"Haya ni maneno yako, mama?"

"Ni yangu. Lakini sikuwa nasema na ninyi."

"Ulikuwa unasema na nani?"

"Na polisi."

Ofisa aliweka kalamu chini. "Kwa hiyo ulikuwa unawadanganya polisi."

"Ndiyo. Hapana. Afande, kuna pampu iliibwa, siyo yeye, wanamsumbua bure, mimi huwa nawaambia hayupo."

"Unaona, mama? Kama ulisema kweli, kijana hafai. Kama ulisema uongo, ametoka kwenye nyumba inayomficha mtu polisi wanapomtafuta. Mimi niandike lipi kati ya hayo mawili?"

Feni ilizunguka. Mama aliuweka mfuko wa kuku sakafuni.

"Niandike mimi," alisema. "Nipe karatasi, niandike kwa mkono wangu. Anaishi kwangu. Mshahara wake ananunua unga. Nikiumwa ndiye anayenifulia. Nitaandika yote."

Ofisa alimpa karatasi. Aliandika robo saa, herufi kubwa, ameng'ang'ania kalamu kama kisu. Ofisa aliisoma, na alipofika mwisho alikuwa haangalii tena usoni kwa mama.

"Nitaiweka kwenye jalada lake. Lakini walioitwa waliripoti asubuhi hii. Nafasi yake imeshajazwa."

"Na mwaka ujao?"

"Ana miaka mingapi?"

Ofisa alitazama jalada mwenyewe, akalifunga.

"Majirani kumi na moja walimsemea vizuri, mama," alisema. "Sijawahi kuona mtu aliyewahi kulala mahabusu akasemewa na watu kumi na moja. Lakini majirani wakisema ndiyo na mzazi akasema hapana, sisi tunamsikiliza mzazi. Nani anamjua mtoto kumshinda mama?" Kisha, kwa sauti ya chini: "Usisahau kuku wako."

*

Alimkuta mwanawe uani, anafua nguo za kazi kwenye beseni. Pampu ya shule ilikuwa imepatikana. Mlinzi wa shule ndiye aliyeiuza. Kijana alimweleza habari hiyo bila kuinua kichwa, akaongeza kwamba alipita kwa kinyozi akamwomba radhi, na kinyozi amemsamehe na kumnyoa bure.

"Mama, mbona umevaa nguo ya kutokea?"

Alikuwa amejiandaa njia nzima, amepanga namna ya kuanza. Yote yalimtoroka.

"Walifika kwangu," alisema.

Mikono ya kijana ilisimama ndani ya povu.

"Walifika. Nilidhani ni polisi, ile pampu. Nikawaambia hayupo. Nikawaambia... baba, nilidhani ni polisi."

Akamweleza. Hakutaka kueleza yote, lakini alijua jalada liko kule na maneno yamo, na siku moja mtu angemsomea. Alimtajia usingizi ulioibwa. Alimtajia kunawa mikono. Alipofika kwenye kaburi lisilo na jiwe aliyasema kwa midomo tu, na kijana akayasoma hapo hapo midomoni. Kisha akamweleza lango, na ofisa, na karatasi aliyoiandika, na nafasi iliyojazwa.

Kijana aliikamua suruali, akaitandaza kwenye kamba, akainyoosha mkunjo mmoja mmoja. Mama alimtazama mgongo. Alitamani mwanawe apige kelele. Alitamani avunje kitu. Beseni lilikuwa pale, sufuria zilikuwa pale.

"Nilikuwa nakulinda," alisema mama.

"Najua."

"Miaka yote hii, baba. Nani mwingine alikuwa anasimama mlangoni?"

"Ni wewe. Najua, mama. Sikulaumu kwa hayupo. Hayupo imenisaidia sana." Aligeuka. Macho yake yalikuwa makavu, na uso wake ulionekana mkubwa kwa umri kuliko miaka yoyote ambayo jeshi lingeihesabu. "Lakini hayupo ingetosha. Wangeondoka kama wanavyoondoka siku zote. Hayo mengine uliyatoa wapi?"

"Yapi?"

"Ya kunizika. Jino bovu. Yale."

"Ni maneno tu. Ya kuwafukuza."

"Bi Filigisi nimekutana naye njiani. Sikumwelewa alikuwa anacheka nini. Aliniambia, mama yako siku ile hakukwama hata neno moja, utadhani alikuwa anasoma." Alijifuta mikono kwenye fulana. "Uliyatunga pale pale, mama? Au yalikuwepo?"

Mama Manyoya alikumbuka zile siku tisa. Alikumbuka miezi minne ya kupeleka chakula mahabusu na kurudishiwa chombo kikiwa kimetemewa mate. Alikumbuka asubuhi moja, miaka mingi nyuma, maji yanachemka kwenye pipa, mvuke umeficha uso wake asionekane na mtu, alipowaza jambo kuhusu mtoto wake ambalo mama hapaswi kuliwaza, na likamletea nafuu. Hakuwahi kumwambia mtu. Alidhani limekufa huko huko kwenye mvuke.

Mlangoni, mbele ya watu wenye bunduki na pingu, hakuwahi hata siku moja kukosa la kujibu.

Kijana alisubiri. Hakuwa na hasira. Alisimama karibu, maji yakimdondoka kwenye viwiko, kichwa amekiinamisha kidogo upande wa mama kama mtu anayeogopa kwamba jibu litatolewa kwa sauti ndogo naye asilisikie.